Kauvimbe kadogo kama korosho kanafikaje mgongoni? Mwongozo kamili wa maikro-RNA na kusambaa kwa saratani ya matiti

Mama mdogo alikuwa amekaa jamvini uani kwake Masasi anachambua korosho, daraja la kwanza huku la pili kule, nikampa shikamoo akaitika, hata sijakaa vizuri akainua korosho moja akaniuliza, "Mwanangu we si mtu wa maabara, hebu niambie, kauvimbe kenyewe kadogo kama hii, kamefikaje mgongoni bila mi kusikia?" Wiki ile ndo picha ya mgongo ilikuwa imeonyesha madoa kwenye pingili mbili. Nilimjibu kijuujuu tu, nikasema mama, saratani ndo ilivyo, inasambaa. Lile jibu liliniuma usiku kucha kwa sababu halikuwa jibu.

Tangu siku ile nimekuwa nasoma kila ninachoweza kuhusu hiki kitu, na katika kusoma nikakutana na maikro-RNA, vitu vidogo kweli ambavyo vimebadilisha namna wataalam wanavyoelewa kusambaa kwa saratani. Nimeandika huu mwongozo kwa ajili ya wewe unayemuuguza mama, dada au shangazi huku kusini, we nesi wa zahanati unayeulizwa maswali haya kila kliniki, na we kijana wa chuo ambaye familia imekukabidhi faili la mgonjwa eti kwa sababu umesoma. Nenda nao taratibu, hatua kwa hatua, usiruke ya kwanza.

HATUA YA 1: Elewa hati na kivuli chake

Kila seli ina DNA. Chukulia ndo ile hati ya shamba ambayo bibi anaiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, haitoki nje hata iweje. Ukiwa na shida ofisini unatoa kivuli, unabeba kivuli, hati inabaki sandukuni. Kwenye seli hicho kivuli kinaitwa RNA mjumbe, kinatoka kwenye kiini kinaenda kule nje zinapotengenezwa protini, na protini ndo wafanyakazi wenyewe, zipo za kushikanisha seli na mwenzake, zipo za kuivuta itembee, zipo za kuiua ikichakaa.

Sasa maikro-RNA ni kipande kifupi cha RNA, herufi kama 22 hivi tu, na hakitengenezi protini yoyote. Kazi yake ni kukamata vivuli njiani. Kivuli kikikamatwa, ama kinachanwa ama kinakaa tu bila kusomwa, na ile protini yake inapungua. Hapa tulia kidogo maana ndo moyo wa jambo lote: hati haijaguswa, sanduku limefungwa vilevile, lakini kule ofisini kazi haifanyiki. Kwa hiyo seli inaweza kubadilika tabia kabisa bila lile jeni husika, yani ule mstari wa hati unaohusu protini hiyo, kuharibika, kwa sababu tu wakamata vivuli wamezidi au wamepungua.

Inatengenezwaje? Inaanza ndefu, imejikunja kama pini ya nywele. Ndani ya kiini kimeng'enya, yani protini inayofanya kazi kama mkasi, kinaitwa Drosha kinaikata, ikitoka nje kingine kinaitwa Daisa kinaikata tena, halafu uzi mmoja unapachikwa kwenye protini inayoitwa Agonauti na hapo ndo inaanza kuwinda. Inachotafuta ni herufi chache tu zilingane, hasa ya 2 mpaka ya 8 za kwake na zile za mkiani mwa kivuli. Na kwa vile herufi zenyewe ni chache, maikro-RNA moja inaweza kukamata vivuli vya aina mamia. Ndo maana ikiharibika moja linayumba jambo zima.

Hii elimu sio ya juzi. Mwaka 1993 kule Marekani Victor Ambros na Gary Ruvkun walitangaza ya kwanza, inaitwa lin-4, waliipata kwenye kijinyoo cha urefu wa milimita 1. Watu wakaona hayo ni mambo ya minyoo, yakapita. Mwaka 2000 kundi la Ruvkun likapata nyingine, let-7, na hiyo ikaonekana ipo mpaka kwa binadamu, hapo ndo watu wakaamka. Leo zinajulikana zaidi ya 1,000 kwa binadamu, na hao wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2024.

HATUA YA 2: Chora safari

Chukua karatasi, chora mstari toka Mtwara mpaka Dar. Weka vituo: Mtwara stendi, Lindi, Nangurukuru, Somanga, daraja la Mkapa pale Rufiji, Mbagala. Mi nilimchorea mama mdogo nyuma ya kalenda ya zamani, na hiyo karatasi imesaidia kuliko vitabu vyote nilivyokuwa nambeba.

Seli ya saratani ya titi ili ifike kwenye mfupa inapitia yafuatayo. Kwanza iachane na wenzake nyumbani, kwa sababu seli za titi zimeshikana sana. Pili itambae itoke kwenye eneo lake. Tatu ipande gari, yani ipenye kwenye mshipa wa damu au wa limfu. Nne ivumilie safari, na humo kwenye damu nyingi mno zinakufa. Tano ishuke. Sita, na hii ndo ngumu kuliko zote, ipate pa kukaa na kuanza maisha ugenini, kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo, ndo sehemu saratani ya titi inapopenda kwenda. Kila mtu huku anajua, kushuka Mbagala na begi ni jambo moja, kupata chumba na kazi ni jambo lingine.

Ukishaielewa hii ramani utaona kwamba ukubwa wa uvimbe sio kila kitu. Uvimbe mkubwa una hatari zaidi, hilo lipo na msidanganywe, lakini kadogo ambako seli zake zimeshapata nauli na njia kanaweza kusafirisha mapema.

HATUA YA 3: Weka kila maikro-RNA kwenye kituo chake

Hapa majina yanachosha, yote yanaanza na miR halafu namba, usikariri. Andika tu kwenye ramani yako, ya kusukuma kwa kalamu nyekundu, ya kuzuia kwa bluu.

Kituo cha kwanza, kuachana na nyumbani. Kinachoshikanisha seli za titi ni protini inaitwa E-kadherini, ifikirie kama ukindu uliosuka mkeka. Wapo mabwana wawili, ZEB1 na ZEB2, kazi yao kuzima E-kadherini. Na ipo familia ya maikro-RNA tano, familia ya miR-200, ambayo inakamata vivuli vya hao ZEB. Kwa hiyo miR-200 ikiwepo ya kutosha, ZEB wanakuwa chini, mkeka unabaki umesukwa. Ikipungua, mkeka unafumuka, seli inakuwa ndefu, inalegea, iko tayari kuondoka. Andika kwa bluu.

Kituo cha pili, kutambaa. Hapa ndo ipo maarufu kuliko zote, miR-10b. Mwaka 2007 Li Ma na wenzake kwenye maabara ya Robert Weinberg walionyesha mnyororo wake: protini inaitwa Twist inawasha miR-10b, miR-10b inakamata kivuli cha HOXD10, HOXD10 kazi yake ilikuwa kumbana mwingine anaitwa RHOC, sasa mbanaji hayupo RHOC inapanda na seli inaanza kutambaa. Walichukua seli za saratani ya titi ambazo zilikuwa hazisambai, wakaziongezea miR-10b, wakaziweka kwa panya, zikasambaa. Nilivyosoma hapo nilisimama kabisa, maana ndo jibu la swali la korosho lile. Andika kwa nyekundu.

Lakini usiishie hapo, maana kundi lingine la watafiti baadaye liliangalia uvimbe wa wagonjwa wenyewe, wanawake zaidi ya 200, na halikuona huo uhusiano wa miR-10b na kusambaa. Hii haimaanishi wa kwanza walidanganya. Inamaanisha kinachotokea kwa panya hakijawa kipimo cha binadamu, na hilo tutalirudia kwenye hatua ya 4.

Kwenye kupanda gari ipo miR-105. Seli za saratani zinatoa vifuko vidogo sana, vinaitwa eksosomu, vinaelea kwenye damu vikiwa na mizigo, na mmojawapo ni miR-105. Vikifika kwenye ukuta wa mshipa vinaingia, miR-105 inakamata kivuli cha ZO-1, protini inayoziba nafasi kati ya seli za ukuta, mshipa unavuja na seli inapenya. Hiyo ni kazi ya mwaka 2014, kwa panya. Yani seli inatuma wajumbe mbele wakafungue mlango kabla haijafika.

Kuvumilia safari nitapita haraka. Hapo inatajwa sana miR-21, ambayo inapanda kwenye saratani nyingi sio ya titi tu, inakamata vivuli vya PTEN na PDCD4 ambao ni walinzi wa kuzuia seli isiishi kiholela.

Sasa kule mwisho, kupata pa kukaa. Mwaka 2008 Sohail Tavazoie na wenzake kwenye maabara ya Joan Massagué huko New York waliangalia seli za saratani ya titi zilizohamia mifupa na mapafu, wakakuta zimepoteza miR-335 na miR-126. Wakazirudishia, kwa panya kusambaa kukapungua. Bluu zote mbili. Na hapa kuna jambo la kushangaza: ile miR-200 tuliyoiandika bluu kule mwanzoni, huku mwishoni imeonekana kusaidia seli zitulie na kujenga makazi mapya, maana ili ujenge unahitaji kushikana tena. Kwa hiyo ileile inazuia kuondoka lakini inasaidia kukaa. Mtu akikwambia miR fulani ni nzuri au mbaya, nyoosha mkono, muulize kwenye kituo kipi.

HATUA YA 4: Chuja habari unazoletewa

Ukishakuwa na mgonjwa, simu haiishi kuingia vitu, mara dawa mpya mara mti mpya. Jiulize swali moja tu: hii imefanyika kwenye sahani ya maabara, kwa panya, au kwa watu? Basi.

Mfano. Mwaka 2010 walitengeneza dawa ya kuziba miR-10b, wakawapa panya wenye saratani ya titi, vivimbe vya saratani vilivyosambaa kwenye mapafu vikapungua sana, ila uvimbe wenyewe wa mwanzo haukusinyaa. Habari njema, lakini ni panya. Mfano wa pili ni wa watu: dawa ya kuiga miR-34a, iliitwa MRX34, ilianza kujaribiwa mwaka 2013 kwa wagonjwa wa saratani za aina mbalimbali, ikasimamishwa 2016 kwa sababu kinga ya mwili ya baadhi ya wagonjwa ilichachamaa vibaya na wengine walifariki. Nawaambia hili kwa uchungu kwa sababu kuna mtu anaweza kuja na chupa akasema hii inarekebisha maikro-RNA, wakati wataalam wenye maabara kubwa wamejaribu kwa uangalifu na ikawashinda.

Na manjano je? Kile kiambato cha manjano kinachoitwa kurkumini, kikimwagwa juu ya seli kwenye sahani kimebadilisha viwango vya baadhi ya maikro-RNA, ni kweli. Lakini ukila, tumboni kinafyonzwa kidogo sana. Weka kwenye mchuzi kama kawaida, usiache kliniki kwa ajili yake. Majani ya mstafeli vilevile, mgonjwa akitaka kunywa amwambie daktari kwanza, asifiche.

HATUA YA 5: Usinunue kipimo cha maikro-RNA, linda sampuli

Maikro-RNA zinaonekana kwenye damu, hilo lipo, na watafiti wanahangaika kupata kipimo cha damu kitakachosema saratani itasambaa au la. Bado hakijawa kipimo cha kawaida cha kliniki cha kuamua matibabu ya saratani ya titi. Sababu mojawapo naiona kwa macho yangu kazini: ukichota damu kwa pupa au ukiitikisa, ikishazungushwa kwenye mashine, yale majimaji ya juu badala ya kuwa ya njano yanakuja na rangi ya pinki. Chembe nyekundu zimepasuka, na zenyewe zimejaa miR-16 na miR-451, kwa hiyo majibu yote yameshavurugika. Hata chupa ikiwa ile ya heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, inazuia kipimo chenyewe kisifanye kazi. Kitu kinachovurugika kirahisi hivo usikiuzie mbuzi.

Pesa na nguvu zako peleka kwenye bayopsi, yani kile kipande cha nyama kinachotolewa kwenye uvimbe kikapimwe. Sampuli ya kwanza ya mama mdogo ilichukuliwa hospitali moja ambayo sitaitaja, ikawekwa kwenye kikopo kidogo, nyama imebanana, fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isiharibike, imegusa juu tu, ikakaa hivo siku kadhaa ikisubiri usafiri. Ilipofika kusomwa ndani ilikuwa imeshaharibika, majibu ya homoni hayakupatikana, tukarudia upya, na wiki zote zile mgonjwa yupo nyumbani anasubiri. Kwa hiyo uliza, kwa heshima lakini uliza:

Daktari, sampuli itaingia kwenye fomalini saa ngapi? Inatakiwa ndani ya saa 1 toka itoke mwilini. Kopo liwe la mdomo mpana na fomalini iwe kama mara 10 ya ukubwa wa nyama. Ikae humo kati ya saa 6 na saa 72, isipungue isizidi. Jina na namba viandikwe kwenye kopo lenyewe, sio kwenye kifuniko, maana vifuniko vinabadilishana. Na uliza mapema inasomewa wapi, uwe umeanzia Ligula, Ndanda, Nyangao, Sokoine pale Lindi au hospitali ya kanda kule Mitengo.

Baada ya hapo nyama inagandishwa kwenye nta, inaitwa bloku. Andika namba ya bloku. Vivuli virefu vinachakaa humo, lakini maikro-RNA kwa ufupi wake zinadumu vizuri miaka mingi, kwa hiyo siku kipimo cha kweli kikija, bloku ya mgonjwa wako bado itakuwa na la kusema.

HATUA YA 6: Soma karatasi ya majibu

Tafuta vitu vitano. ER na PR, yani vipokezi vya estrojeni na projesteroni, ukikuta asilimia 1 au zaidi inahesabiwa chanya na mgonjwa anaweza kunufaika na vidonge vya homoni kama tamoksifeni. HER2, protini inayoisukuma seli ikue, inaandikwa 0, 1+, 2+ au 3+, hiyo 3+ ni chanya, 0 na 1+ ni hasi, 2+ ni utata inatakiwa kipimo cha ziada, usikubali ikaachwa hivohivo. Gredi, 1 mpaka 3, jinsi seli zilivyopotoka. Na tezi za kwapani, ngapi zilikutwa na saratani kati ya ngapi zilizotolewa. Hizo tezi ndo Lindi kwenye ramani yetu, kituo cha kwanza njiani.

Kama karatasi haina ER, PR na HER2, rudi nayo kabla hujakata tiketi ya Dar. Kutoka Mtwara mpaka hospitali ya saratani ya Ocean Road ni zaidi ya kilometa 500, siku nzima barabarani na mgonjwa mwenye maumivu ya mgongo, halafu ufike uambiwe karatasi haijakamilika, hiyo nimeiona na sitaki imkute mtu mwingine. Beba rufaa, majibu halisi na vivuli, picha zote, namba ya bloku, na kadi ya bima kama ipo.

HATUA YA 7: Jua dalili za safari

Kwa mgonjwa ambaye ameshatibiwa au anaendelea: maumivu ya mfupa yasiyoisha yanayozidi usiku, kikohozi au pumzi kukata, macho kuwa ya njano, kichwa kinachouma na kutapika, kuona vibaya au degedege. Haya yote mpeleke. Lakini mgongo ukiuma halafu miguu ikaanza kukosa nguvu, au ganzi, au mkojo ukagoma, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, usisubiri kesho, usisubiri gari la mtu, uti wa mgongo unabanwa na ukichelewa miguu inaweza isirudi.

Na tafadhali msisubiri mnada wa korosho. Mama mdogo alikagusa kale kauvimbe mwezi wa tisa, akasema korosho ndo zinaanza kudondoka, acha ziokotwe, acha ziende ghalani, malipo yakitoka ndo niende. Malipo yalitoka mwezi wa kumi na mbili.

Sasa hivi anatumia dawa zake na anahudhuria kliniki. Nilivyomrudishia jibu lake na ile ramani ya nyuma ya kalenda, aliipitia na kidole kituo hadi kituo, akafika Lindi akasimama, akauliza, "Hapa ndo angeshushwa kwenye gari?" Nikamwambia ndiyo mama, hapo au kabla. Hakusema kitu kingine. Alimwita binti yake wa pili, ambaye kumbe alikuwa na uvimbe wake kimya kimya toka mfungo, akamwambia kesho usiende shambani. Akaenda, wakachukua bayopsi, majibu yakatoka ni uvimbe wa kawaida sio saratani, na namba ya bloku ameiandika kwa kalamu ya bluu nyuma ya kadi yake ya kliniki.